Kijiti cha Biva: Maneno kwa Wavuvi wa Mshipi

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wavuvi, salaam.

Kabla sijafika mbali, naomba kijiti hiki kipite mkono kwa mkono. Tuanzie kwa mzee aliyekaa hapo mbele. Kishike vizuri, mzee wangu, ukipapase kwenye ncha. Utahisi vifereji vimepangana, kila kimoja upana wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Hiyo si kazi ya panga wala msumeno. Ni meno. Tena kijiti hakina gome hata chembe. Aliyekitafuna alikula gome lote, mti mtupu uliobaki akaupeleka kwenye ujenzi. Hakutupa kitu.

Kijiti hicho nilikichomoa mwenyewe kwenye ukuta wa biva, yule mnyama anayeziba mito kwa vijiti na tope. Ilikuwa gizani, na sikuwa na haki ya kukichomoa.

Ilikuwa kwenye kijito kimoja cha milima ya Rocky, Marekani, kijito chembamba ambacho mwenye miguu mirefu angekiruka. Biva walikuwa wamekiziba, na nyuma ya ukuta wao maji yametanda mpaka miguuni mwa miti. Samaki walikuwa wakivunja maji katikati kabisa, mshipi wangu haufiki. Nikajaribu kuingia. Hatua ya kwanza magoti, hatua ya pili mapaja, na nilipofanikiwa kutoka nilikuwa na buti moja. Nikajiambia: maji haya yakipungua, samaki watajikusanya, nami nitawafikia. Jua lilipozama nikaanza kuchomoa vijiti. Kubomoa kuna utamu wa kitoto, nakiri. Baada ya nusu saa nilikuwa nimefungua mwanya wa kupitisha kichwa, maji yakawa yananguruma, nikaenda kulala nikijiona mjanja.

Asubuhi mwanya haupo. Umezibwa kwa vijiti vipya, nyasi na tope lililokuwa bado linachuruzika, na pale nilipobomoa ndipo ukuta ulipokuwa mnene kuliko kwingine kote. Chini yake, yale maji ya usiku yalikuwa yamebeba tope la miaka na kulimwaga juu ya changarawe. Kijito kimekuwa rangi ya udongo. Kwa siku mbili chambo changu hakikuguswa, juu ya ukuta wala chini yake. Na lau angepita askari wa wanyamapori usiku ule, leo ningekuwa nawasimulia habari ya faini, maana sehemu nyingi wanakoishi biva, kugusa ukuta wao bila kibali ni kosa.

Nimeanza na aibu yangu makusudi. Sisi wavuvi tukifika kwenye maji ya biva tunaona ziwa dogo, tunalivua kama ziwa, halafu tunalalamika. Lile si ziwa. Ni mto uliojengewa nyumba, na mwenye nyumba yumo ndani. Ukilijua jengo lake, umewajua samaki walipo.

Sasa, biva ni nani? Ni mgugunaji, wa ukoo mmoja na panya na kindi, ila mkubwa: mzima huwa na kilo 20 hivi, na wapo wanaopita 30. Duniani kuna aina mbili tu, wa Amerika Kaskazini na wa Ulaya na Asia. Meno yake ya mbele ni ya rangi ya chungwa kwa sababu yana chuma ndani yake. Mkia wake ni bapa kama mwiko wa muashi, ndiyo maana watu walidhani anasakafia kwa mkia. Hasakafii. Tope analibeba kwa mikono, amelikumbatia kifuani na kulikaza kwa kidevu, anapanda nalo ukutani kama mtu aliyebeba kuni.

Na biva hali samaki. Narudia kwa sababu nimeulizwa mara nyingi, hata na watu wazima waliovua miaka 30. Anakula gome, majani, mizizi, mayungiyungi ya majini. Anayekula samaki ni fisi maji, na wengi wanawachanganya. Huko Devon, Uingereza, kuna mto unaoitwa kwa jina la fisi maji, River Otter, na ndio uliokuja kujulikana kwa biva wake. Serikali iliwaruhusu wabaki mwaka 2020. Mtu aliyechanganyikiwa huko nitamsamehe. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika karne ya 17, Kanisa huko Québec lilikubali biva mwenyewe ahesabiwe samaki, ili waumini wamle siku za mfungo. Kwa hiyo amewahi kuwa samaki, lakini mla samaki hajawahi kuwa.

Historia yake nitaipitia mbiombio, ila kuna kipande kimoja kinachotuhusu. Kofia za mabwana wa Ulaya zilitengenezwa kwa manyoya yake, na kwa ajili ya kofia hizo aliwindwa karibu amalizike. Kufikia mwaka 1900, Ulaya na Asia kote walikuwa wamebaki kama 1,200, wametawanyika katika sehemu nane. Amerika Kaskazini walikuwa mamilioni kwa mamilioni, wakafagiliwa bonde baada ya bonde. Sasa fikirini: uvuvi wa mshipi kama tunaoujua, vilabu vyake, sheria zake, picha zake za mto mzuri, umekua katika nyakati hizo hizo ambazo biva hayupo. Mto tuliofundishwa kuuita safi, mkondo mmoja, changarawe inang'aa, kingo zimefyekwa vizuri, mara nyingi ni mto uliofiwa na fundi wake. Ndiyo maana anaporudi tunaona kama ameharibu.

Na amerudi. Uswidi walimleta kutoka Norwe mwaka 1922. Uskochi waliwaachia wachache Knapdale mwaka 2009, na tangu 2019 analindwa na sheria. Idaho, Marekani, mwaka 1948, maafisa wa wanyamapori walikuwa na biva wanaosumbua watu na bonde la mbali lisilo na barabara. Wakawatia kwenye masanduku ya mbao, wakawafungia parachuti zilizobaki baada ya vita, wakawadondosha kwa ndege. Biva 76. Akafa mmoja tu, aliyetoka kwenye sanduku akiwa bado angani. Waliobaki walitua, wakajikung'uta, wakatafuta maji.

Basi tufike bwawani. Na hapa mtanivumilia, nitakaa kidogo.

Kitu cha kwanza cha kujua kuhusu bwawa la biva ni umri wake. Maji yanapofunika ardhi kwa mara ya kwanza, nyasi, majani na vichaka vinazama na kuanza kuoza, na kuoza huko ni chakula. Wadudu wanajaa, mabuu ya kereng'ende, ruba, vidudu vya kila namna. Trauti, samaki wetu wa maji baridi, aliyekuwa akihangaika kwenye mkondo mwembamba anajikuta kwenye ghala lililo wazi, tena bila kupigana na maji. Ananenepa haraka. Bwawa la mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, hilo ndilo la kulitafuta. Baadaye tope linajaa, kina kinapungua, maji yanapata joto, hewa inapungua, na samaki wanaozaliana sana, hasa wale trauti wa vijito wenye madoa, wanakuwa wengi na wadogo. Utavua 40 kwa siku na hakuna hata mmoja wa kumpigia picha. Mwishoni biva wanamaliza miti ya karibu, wanahama, ukuta unaachia, na pale palipokuwa na maji panaota nyasi. Maisha ya bwawa yanaweza kuwa ya miaka michache au ya miongo. Inategemea miti, mafuriko na mwindaji.

Kitu cha pili ni njia ya zamani ya mto. Chini ya yale maji yaliyolala, mkondo wa zamani bado upo, kama mtaro ndani ya sahani. Ndiyo sehemu yenye kina na ubaridi, na samaki wakubwa hukaa humo, hasa jua likiwa juu. Utaujuaje? Simama pale kijito kinapoingia bwawani, kisha tazama upande wa ukuta uliko mnene na mrefu zaidi. Hapo ndipo mto ulipokuwa ukipita. Katikati ya sehemu hizo mbili tafuta mistari ya vichaka vilivyokufa majini. Mierebi huota kandokando ya kijito, na bwawa likijaa inakufa imesimama palepale, mstari huku na mstari kule. Kati ya mistari hiyo miwili ndiyo barabara. Nimevua mabwawa ambayo robo tatu ya maji yake hayakuwa na samaki hata mmoja, na wote walikuwa wamejipanga kwenye barabara hiyo yenye upana wa mita 2.

Tatu, machimbo. Biva anayejenga lazima achimbe, na tope lake analitoa karibu na kazi. Kwa hiyo mbele ya ukuta, upande wa maji mengi, pana shimo. Kuzunguka nyumba yake, ile lundo la matawi lililochomoza, pana shimo jingine, maana milango yake yote iko chini ya maji na haitakiwi kuganda wakati wa baridi. Mwisho wa kiangazi utaona pia matawi mabichi yamezamishwa karibu na nyumba. Ile ni akiba yake, kwa sababu biva halali miezi ya baridi, anakula chini ya barafu. Kwa samaki, akiba hiyo ni paa: kivuli, maficho, wadudu. Kwa mvuvi ni makaburi ya ndoano. Vua pembeni yake, usivue ndani yake.

Haya, umeshasoma. Unasogeaje? Kosa la kila mtu, na langu pia kwa miaka mingi, ni kupanda juu ya ukuta na kusimama pale kama nahodha. Ukuta uko juu, wewe uko juu ya ukuta, nyuma yako ni mbingu. Samaki wote wamekuona kabla hujafungua mkoba. Njoo kutoka chini. Panda kijito taratibu mpaka unyayo wa ukuta, uiname, macho yako yawe sawa na ukingo wa maji, na urushe mshipi ukiwa umejificha nyuma ya ukuta wenyewe. Biva amekujengea ukuta wa kuvizia, wewe unausimamia juu.

Na kabla ya kurusha juu, vua chini. Dimbwi lililo mguuni mwa ukuta lina maji yaliyoporomoka yakabeba hewa, na wadudu wanaopita pamoja na maji kwenye nyufa. Ukuta wa biva huvuja, ndivyo ulivyo, na kila uvujaji ni mfereji wa chakula. Samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kumtoa kwenye maji ya biva hakutoka bwawani. Alikuwa chini ya uvujaji mmoja wenye upana wa kiganja, kichwa chake kimeingia kabisa kwenye povu.

Mtoni chakula humfuata samaki; bwawani samaki hufuata chakula. Kwa hiyo kwenye bwawa trauti hakai sehemu moja, anazunguka, na mara nyingi mzunguko wake ni uleule. Ukimwona akivunja maji, usikimbilie kutupa pale alipovunja, ameshaondoka. Hesabu. Ataibuka tena mbele kidogo, na mara ya tatu utajua anakoelekea. Tupa huko mapema, uache chambo kilale. Ukivuta, vuta polepole, kama buu la kereng'ende linavyotambaa, kidogo kisha kimya. Inzi bandia mdogo wa kuelea jioni, kitu cheusi mfano wa ruba mchana, vinatosha. Chubwi liache mfukoni. Humo chini ni matawi matupu, na kila kizito kitapata mahali pa kunasa. Uzi uwe na nguvu kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu samaki akinaswa hakimbilii mbali, anakimbilia kuni. Ndoano iwe moja, isiyo na kingoe, na uzi uliokatika uutoe kwa kadiri unavyoweza, maana humo mna wanaoogelea usiku.

Kuhusu usiku, au tuseme magharibi. Biva huanza kazi jioni, saa zilezile ambazo samaki wanakula, kwa hiyo mtakutana. Utamwona kwanza kama gogo linalokwenda kinyume na upepo. Akikuhisi atapiga maji kwa mkia, na kama hujawahi kusikia kishindo hicho umesimama peke yako kwenye giza jepesi, utadhani mtu ametupa jiwe la kilo 10 miguuni pako. Mimi mara ya kwanza niliangusha fimbo. Ndilo kofi lake la kuwaonya wenzake. Wavuvi wengi hukunja mishipi wakisema samaki wamefukuzwa. Mimi nasema kaa. Samaki wa pale wanalisikia kofi hilo kila jioni, wamelizoea kuliko wewe. Dakika 10, wakati mwingine pungufu, nao wanarudi juu. Biva naye akiona hufanyi kitu, ataendelea na shughuli zake. Nimewahi kuwa na mmoja anayepita na tawi mdomoni umbali wa mita 4, huku na huku, saa nzima.

Ila umwache apite. Mwaka 2013 huko Belarus, mvuvi mmoja aliona biva kando ya barabara akamsogelea, akataka kumshika apigwe naye picha. Biva akamng'ata pajani, meno yakakata mshipa mkubwa wa damu, na mtu yule akafa palepale. Meno yanayoangusha mti hayashindwi na paja. Biva aliye nchi kavu anajua hana mbio, kwa hiyo akizibiwa njia ya maji hupigana.

Hatari za kila siku ni ndogo kuliko hiyo, na ndizo zinazovunja watu. Kingo za bwawa zina mashimo na mahandaki waliyoyachimba, yamefunikwa na nyasi, mguu unazama mpaka nyonga. Tembea na fimbo ya kupimia ardhi. Tope usiliamini. Maji usiyanywe hata yakiwa baridi na maangavu, kwa sababu vijidudu vya giardia, vinavyoleta ugonjwa wa kuhara, huishi humo. Wenyeji wa Amerika Kaskazini huuita ugonjwa huo homa ya biva, ingawa sisi binadamu pia tunavieneza. Chemsha. Na wale mnaovua kwenye barafu: karibu na nyumba ya biva na karibu na ukuta barafu huwa nyembamba, kwa sababu wenyewe wanapita chini yake kila siku na maji yanatembea. Huko usikanyage, hata kama mita 20 pembeni barafu inabeba gari.

Sasa nifike kwenye ugomvi, maana najua wengine mmekuja kwa ajili yake. Je, biva anawazuia samaki kupanda mto? Anaharibu mito ya trauti na ya samoni, yule samaki anayetoka baharini kupanda mto kutaga?

Kuna vilabu vinavyosema ndiyo, na sitawaita wajinga. Mto wa tambarare, usio na mteremko, ukizibwa mara kumi mfululizo, maji yake yanalala juani. Trauti anaanza kutaabika joto likipita nyuzi 20 hivi. Kule Wisconsin, kwa sababu hiyo, wamekuwa wakiondoa kuta za biva kwenye baadhi ya mito ya trauti kwa miaka mingi, kwa utaratibu wa serikali. Na upo mwaka wa ukame ambao samoni anafika mguuni mwa ukuta, hakuna dimbwi la kumpa mbio za kuruka, hakuna maji ya kupita pembeni, anabaki anazunguka. Nimeona. Inauma.

Lakini mto wenye mteremko na ardhi inayonyonya maji ni habari nyingine. Ukuta unalazimisha maji yaingie ardhini, yanapita chini kwa chini, yanaibuka mbele yakiwa baridi. Huko Oregon kuna kijito kinaitwa Bridge Creek, kilikuwa kimechimbika kikawa korongo. Watafiti walipigilia nguzo kwenye maji, wakasuka mierebi katikati, wakaigiza kuta za biva. Biva wakaja wakachukua kazi. Matokeo yalitoka mwaka 2016: trauti wachanga wa steelhead, wale wanaokwenda baharini na kurudi, waliongezeka na kuishi zaidi, na safari zao hazikuzuiwa. Utah nako, kwenye kijito cha Temple Fork, waliwatia samaki alama wakawafuatilia kwenye kuta. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha trauti wa asili ya kule, mwenye alama nyekundu kooni, anapita kuta za biva mara nyingi kuliko trauti wa kahawia aliyeletwa kutoka Ulaya. Mwenyeji anaijua njia ya nyumba. Mimi hapo nilicheka peke yangu.

Samoni na biva wameishi pamoja tangu kabla ya kuwapo mshipi wa kwanza. Wanapita wakati maji yamejaa, wanapita pembeni, wanaruka. Na samoni wachanga, hasa wa aina ya coho wanaokaa mtoni mwaka mzima kabla ya kwenda baharini, wanayatafuta mabwawa haya yawahifadhi wakati wa baridi.

Mahali ambapo biva kweli ni balaa ni kule asikotoka. Mwaka 1946 Argentina ilipeleka biva 20 kutoka Kanada mpaka Tierra del Fuego, kwenye ncha ya kusini ya Amerika Kusini, ikitaka biashara ya manyoya. Biashara haikuota, biva wakaota. Miti ya kule haikukua pamoja naye. Ikikatwa au ikizama haichipui kama mierebi, na misitu ya kingo za mito imekufa imesimama. Mvuvi anayesema biva wote ni baraka apelekwe huko wiki moja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama biva ni mzuri kwa uvuvi, namuuliza: mto upi, mteremko gani, joto gani? Kipimajoto ni bei rahisi kuliko ubishi. Kitumbukize juu ya bwawa, kitumbukize chini, ndipo tuzungumze. Na kama maji yamepanda kwenye shamba au barabara, yapo mabomba yanayopitishwa ukutani ili maji yasivuke kiwango fulani, mdomo wake ukiwa mbali ndani ya bwawa, biva asisikie yanakotokea. Kwa sababu sauti ndiyo inayomwamsha. Miaka ya 1960, mtafiti wa Uswidi Lars Wilsson aliwachezea biva sauti ya maji yanayotiririka kwa kipaza sauti, nao wakajenga juu ya sauti, hapana maji. Niliposoma hilo nilielewa usiku wangu. Mimi nilifungua mwanya, ukanguruma, nikaenda kulala. Yeye hakuweza kulala.

Kijiti kimefika wapi? Ah, nakiona. Dada uliyekishika, hebu kiinue juu watu wakione rangi. Kimekuwa kama majivu. Siku nilipokichomoa kilikuwa cheupe kama mfupa. Hiyo rangi ndiyo ya kuangalia kwanza ukifika. Vijiti vyeupe, tope bichi juu ya ukuta, majani mabichi yanaelea: mwenyewe yupo. Vijiti vya kijivu, nyasi zimeota ukutani: amehama.

Nilirudi kwenye kijito kile baada ya miaka sita. Ukuta wangu, nauita wangu, ulikuwa wa kijivu wote, umepasuka katikati, na bwawa limegeuka uwanja wa nyasi zinazofika kiunoni. Kijito kinapita katikati yake, chembamba, kinapindapinda. Buti sikuliona. Nikapanda juu zaidi, kama hatua 400, nikasikia maji yamenyamaza ghafla, nikajua. Ukuta mpya, mweupe, mrefu kuliko ule wa kwanza. Nikapiga magoti chini yake, kichwa sawa na ukingo. Katikati, mbali na mshipi wangu kama siku ile, samaki walikuwa wakivunja maji. Nikakaa nikiwahesabia mzunguko mpaka giza likaingia, na wawili wakaja wenyewe.

Dada, naomba kijiti changu kirudi. Maswali.